Kitambaa cha Hajati Zamzam

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya meno pale Arua tulikuwa wanne: Daktari Andama, mwenye kliniki; Sista Asianzu, shemeji yake, aliyenileta kwa kuwa tulikuwa majirani mtaa wa Mvara; mimi, wa kufagia; na Hajati Zamzam wa Koboko, mgonjwa wa kwanza.

Asianzu alinifundisha kuchemsha koleo za kung'olea, na kushika kichwa cha mgonjwa wakati sindano ya ganzi inaingia, ile dawa ya kuua maumivu. Jino likitoka, nililifunga kwenye pamba nikampa mwenyewe.

"Mutu asiache kitu yake hapa," Daktari alitwambia. "Na yenye umeona ndani ya mdomo, ibaki ndani ya mdomo."

Hajati akacheka nyuma ya kitambaa alichojifunikia mdomo. "Basi wewe daktari iko na siri ya Koboko yote!"

Tawi la Koboko lilipofunguliwa nilipelekwa huko. Hajati alikuja kila alipoumwa. Meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, na kitambaa alikiteremsha mbele yetu wa kliniki tu.

Daktari alipozeeka, mwanawe Denis, naye daktari wa meno, alishika kazi. Mkono wake mwepesi kuliko wa baba yake, sitamwonea. Ila alipiga video za wagonjwa akaziweka mtandaoni, na watu wakaja kweli, hata kutoka vijiji vya Ludara.

Siku moja Hajati alikuja shavu limevimba, jino lina usaha. Denis akainua simu. Hajati akanitazama.

"Hii ya nini, Mama Feni?"

"Ya faili tu, Hajati."

Sikumwuliza Denis. Foleni ilikuwa ndefu, nilitaka kazi iende. Nikateremsha kitambaa mwenyewe.

Denis alitoa usaha, akampa vidonge, akamwambia arudi siku ya tatu kung'olewa. Kabla ya siku hiyo vijana wa sokoni walikuwa wanamwita Bibi Pengo. Hakurudi. Nikamfuata nyumbani.

"Mimi nilionyesha wewe," alisema mlangoni. "Sikuonyesha Uganda yote."

"Hilo jino litakuua, Hajati."

"Iache iue."

Denis aliifuta video, lakini ilikuwa imeshapita simu kwa simu. Usaha ukashuka shingoni, akalazwa Arua. Alipona, ila taya halifunguki tena sawasawa. Anaishi kwa uji na chai.

Sasa nimestaafu. Nikimtembelea ananikaribisha vizuri, ananimiminia chai. Yake anainywa amenigeuzia mgongo.

Ninyi mliokuwepo, kama Asianzu hakuwa shemeji bali binamu, nisahihisheni. Kama siku zile hazikuwa tatu, nisahihisheni. Mkono ulioteremsha kile kitambaa ulikuwa wangu. Hapo sijakosea.