Kwa Nini Wanyama wa Sulait Hawana Vichwa

Wageni wanaokuja Jinja siku hizi kuutazama mto hupita kwenye kibanda cha Sulait. Humshika kiboko wa mti, humgeuza huku na huku, hutafuta mahali kichwa kilipovunjikia. Hawapaoni. Pale shingo ilipopaswa kuanza, mti umelainishwa kama yai. Wakiuliza, Sulait hucheka tu, na mkewe hucheka zaidi. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na masomo yangu yaliishia darasa la saba, lakini siku kichwa cha kwanza kilipoanguka mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa msumeno. Kwa hiyo naweza kueleza.

Sulait ni Mnubi wa Jinja. Babu yake aliletwa na jeshi kutoka Sudan, baba yake naye akawa askari, na Sulait angekuwa wa tatu kama asingependa wanyama kupita kiasi. Asubuhi aliyotumwa Kimaka kuandikishwa, aliwakuta viboko wawili wamepanda kutoka ziwani, wanakula nyasi za uwanja wa gofu. Akakaa kuwatazama. Alipofika kambini jua limeshakuwa kali na wenzake wamekwisha kunyolewa. Baba yake alikasirika wiki nzima. Sulait alitumia wiki hiyo hiyo kuazima tezo ya jirani na kumchonga kiboko kutoka kwenye gogo la mvule.

Siku zile alichonga kila kitu. Kope, matundu ya masikio, mikunjo ya shavu, hata vinyweleo vya puani kwa ncha ya msumari. Maafande walivinunua vinyago vyake na kuviweka juu ya redio, na Sulait alidhani hivyo ndivyo sanaa ilivyo: mwenye vinyweleo vingi ndiye fundi.

Kisha vikaja vita vya mwaka sabini na tisa. Serikali ya wanajeshi ikaanguka, na watu walioteswa na wanajeshi wakaanza kumtazama kila Mnubi kama askari, hata yule ambaye hajawahi kushika bunduki. Sulait akaamua kukimbilia Mbale, mtaa wa Namatala, kwa rafiki yake Isa, fundi wa baiskeli ambaye mimi nilikuwa nafanya kazi kwake. Wengine walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na kiboko. Alikuwa kiboko mkubwa kuliko wote aliowahi kuchonga, ukubwa wa mbuzi mwenye mimba. Akamfunga kwa blanketi na kumlaza juu ya magunia ya mahindi kwenye lori la mtu aitwaye Makokha.

Makokha ndiye aliyetusimulia ya njiani. Kwenye kizuizi, askari Mtanzania alipanda nyuma ya lori, akaliona blanketi.

"Huyu mgonjwa anaumwa nini?"

"Haumwi, afande," Sulait akasema. "Ni kiboko."

Askari akalifunua blanketi. Akamtazama kiboko machoni, na kiboko akamtazama yeye. Akawaita wenzake. Wakaja wakamzunguka, kila mmoja akamgusa pua.

"Anauma?"

"Hajaanza, afande."

Mmoja alicheka mpaka akaketi juu ya magunia. Lori likapita bila kupekuliwa, na Makokha alisema kwamba tangu siku hiyo anatafuta kiboko wake mwenyewe wa safari.

Namatala haikumpokea hivyo. Huku kwetu Kiswahili, lugha ya wanajeshi, kilikuwa kimebaki masikioni mwa watu kama sauti ya buti. Siku ya kwanza Sulait alimwendea Topista, mama muuza makaa, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nataka makaa." Topista akainua mikono juu, akarudi nyuma taratibu, kisha akakimbia. Sulait hakujua la kufanya. Akaketi kuyalinda makaa yake mpaka jioni, akawahudumia na wateja. Topista aliporudi akiwa na ndugu zake watatu, alimkuta mweusi kama chungu, amelipanga gunia vizuri kuliko alivyoliacha. Baada ya hapo ndiye aliyemfundisha kusalimia kwa Lumasaba.

Nyuma ya karakana ya Isa palikuwa na nyumba ya Mzee Rajab, mwadhini wa msikiti wetu mdogo, mtu aliyechunga mbuzi na ng'ombe wa watu miaka mingi kabla ya kupewa kazi ya kuadhini. Mkewe aliitwa Fatumah. Binti yao Nulu alikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na muhogo, akavipitisha karakanani kila asubuhi. Kabla mwezi haujaisha Sulait alikuwa anakula kabalagala kuliko mtu yeyote Mbale. Akampeleka Isa kuposa.

Mzee Rajab alimsikiliza Isa mpaka mwisho, akanyanyuka, akaja karakanani. Alisimama mbele ya kiboko. Alikuwa na namna yake ya kutazama kitu: mikono nyuma, kiuno kimepinda, kidevu mbele.

"Siku ya Kiyama," alisema, "mwenye kuchonga kiumbe ataambiwa, haya, kipulizie roho. Wewe Mnubi, utampulizia huyu? Mapafu yake peke yake ni magunia mawili."

"Sitaweza, mzee."

"Basi binti yangu hataolewa na mtu wa kusimama siku hiyo anapuliza kiboko."

Akaondoka. Sulait alibaki amekaa kwenye tairi. Nulu akaja kuchukua sinia lake, akaliweka kichwani, akasema bila kumtazama, "Baba mwenyewe hufundisha watoto kwamba kisicho na kichwa si kiumbe, ni mti tu. Misumeno imekwisha Namatala?"

Ndipo tuliposhika msumeno, mimi huku na Sulait kule. Kichwa kile kilikuwa na vinyweleo vyote vya miaka yake ya Jinja. Kilipoanguka Sulait alikiokota, akakitazama, akampa Topista akakitumia kama kigoda.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Rajab akaja na watu wawili wa msikitini. Mikono nyuma, kiuno kimepinda.

"Kiboko," alisema.

"Hana kichwa, mzee."

"Naona hana. Lakini tumbo limenijibu kabla sijauliza. Kama nimemjua, basi bado ni picha ya kiumbe. Chonga kiumbe nisichokijua, nitakupa mke."

Nadhani alidhani amemaliza maneno. Hakumjua Sulait. Ijumaa iliyofuata alimkuta karoli, yule ndege mkubwa wa majalalani, hana kichwa wala miguu, mabega matupu.

Mzee Rajab aliinama. "Karoli. Tena anangoja taka."

Akafuata mbuzi. Huyu hakuwa na kichwa, miguu wala mkia, mgongo tu ulioteremka upande mmoja. Isa aliapa ni ubao wa kufulia. Mzee Rajab alimzunguka mara moja.

"Mbuzi. Amenyeshewa."

Sulait akaruka kwa furaha, kwa sababu kweli alikuwa mbuzi, na kweli alikuwa amenyeshewa. Kisha akakumbuka kwamba amekosa mke, akaketi. Ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa. Mtu alimwona akishangilia na kuomboleza ndani ya kanzu moja. Vitu vilikuwa haba mwaka ule, sabuni haionekani, sukari ni hadithi, hata msasa wa dukani haukuwepo na tulilainisha mti kwa majani makavu ya mti wa msasa. Lakini Namatala ilikuwa na Ijumaa yake. Watu walikuja na vigoda. Mtu alileta hata mgonjwa wake kwenye toroli. Waliokuwa wakimwogopa Mnubi mwezi wake wa kwanza pale sasa walimpigia kelele, "Mfiche vizuri leo, bwana."

Na kazi yake ilibadilika. Sisi hatukuwa na jina la mabadiliko hayo. Tuliona tu kwamba anaondoa na kuondoa, na kila anapoondoa mnyama anazidi kuwa mnyama. Chatu wake alikuwa mviringo mmoja na uvimbe. Isa alisema kamba. Mzee Rajab akasema, "Chatu, ameshiba, usimguse."

Tatizo ni kwamba Nulu alikuwa na mposaji mwingine. Latif, mfanyabiashara wa Buwenge, alikuwa na baiskeli mbili na hakuwa amechonga kitu chochote maishani mwake. Mzee Rajab akatangaza kwamba mambo yaishe kabla ya mwezi wa Ramadhani.

"Chonga vibaya," Isa akamshauri. "Chonga kitu kibovu, nani atakijua?"

Sulait alijaribu. Alichonga nguruwe pori huku amefumba macho. Mzee Rajab aliinama, akanyooka upesi.

"Hiki ni kinu kilichopasuka. Usinidharau. Nimesema kiumbe, kichongwe kwa haki, kisha nisikijue."

Jioni hiyo niliwasikia Sulait na Nulu wakizungumza, kila mmoja upande wake wa ua wa matete.

"Huyu mzee amekaa na wanyama miaka yote," Sulait alisema. "Migongo yao yote anayo kichwani. Nitachonga nini?"

"Unamchongea mchungaji vitu vya machungani," Nulu akajibu. "Wewe unashangaa nini akivijua?"

Nikamsikia Sulait anaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka mbwa wa Topista wakabweka. Hakuniambia alichofikiri. Siku zilizofuata alichonga akiwa amejifungia, na kila mara alitoka kucheka nje, akarudi ndani.

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani karakana ilijaa. Sulait alikileta kitu kimefunikwa kwa gunia, akakiweka juu ya meza ya Isa, akafunua. Kilikuwa cha mvule, urefu wa mkono. Chini kilisimama wima, juu kikapinda mbele kama kinataka kunusa kitu, na nyuma, penye kiuno, palikuwa na kifundo kidogo.

Fatumah alikuwa mlangoni na wanawake wengine. Alikitazama, akajifunika uso kwa leso, akaondoka haraka. Isa akapatwa na kikohozi. Mimi niliuma ulimi. Watu wote nyuma yangu walinyamaza kwa namna ya ajabu, kama chungu kinachokaribia kufura.

Mzee Rajab akakiendea. Mikono nyuma, kiuno kimepinda, kidevu mbele.

"Nyumbu," alisema.

"Hapana, mzee."

"Nyani amekaa."

"Hapana, mzee." Isa alitoka nje.

Akakizunguka upande wa kulia, akakizunguka upande wa kushoto. "Nimemwona mahali," alisema. "Wallahi nimemwona. Ni kiumbe kweli?"

"Ni kiumbe, na anaishi."

"Umemchonga kwa haki?"

"Kuliko wote."

Mzee Rajab alisimama pale mpaka miguu ya watu ikachoka. Mwishowe akanyooka, akashika kiuno, akasema kwa sauti ile ile ya kuadhini, watu wote wasikie, "Simjui. Namtoa binti."

Ndoa ilifungwa siku tatu baadaye, msikitini. Niliketi karibu kama shahidi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mzee Rajab alimshika Sulait mkono kama ilivyo desturi, na sheikh akamwambia aseme maneno ya kuoza. Mzee Rajab akamsogelea Sulait sikioni.

"Kakakuona?"

"Mzee Rajab," sheikh alisema, "sema maneno."

"Nasema. Ni kakakuona?"

"Hapana, baba."

"Fisi mgonjwa?"

"Mzee Rajab," sheikh akasema, "bwana harusi ana jasho."

Alikuwa nalo kweli. Na mimi nilielewa kwa nini. Akisema, mzee atakijua, na akikijua masharti yamevunjika. Asiposema, mkono hauachiliwi, na Latif alikuwa ameketi safu ya pili na kanzu mpya, tayari kwa lolote.

"Baba," Sulait alisema, "nioze kwanza. Nikishakubali, nitakuambia hapa hapa, mkono ukiwa ndani ya mkono."

Mzee Rajab akayatamka maneno ya kuoza haraka mno kiasi kwamba sheikh alimwomba arudie. Akarudia. Sulait akakubali. Sheikh akatuuliza mashahidi, tukajibu tumesikia.

"Haya," alisema Mzee Rajab. "Nani yule?"

"Ni wewe, baba. Unamtazama mbuzi wangu."

Mzee Rajab aliuacha mkono, akanyanyuka, akatoka hivyo hivyo bila viatu. Tukamfuata wote, sheikh naye, maana hakuna aliyejua kama ndoa hii itakula pilau yake. Aliingia karakanani na kusimama mbele ya kile kinyago. Alianza kuinama. Akajishtukia katikati ya kuinama, mikono tayari iko nyuma, akabaki hapo, wawili wakitazamana, mmoja wa mvule na mmoja wa kanzu.

"Mgongo wangu umepinda hivi?" aliuliza.

"Umepinda zaidi," Fatumah akasema kutoka mlangoni. "Kijana amekuheshimu."

Nulu, katika nguo zake za harusi, alikuwa amemshika mama yake bega, na hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa kwa baba yake.

Mzee Rajab alipitisha kiganja juu ya kinyago, kutoka kiunoni, akapanda mgongoni, mpaka pale juu mti ulipokuwa umeishia laini. Akapapasa hapo kwa muda.

"Hana kichwa," alisema.

"Hana, baba."

"Kichwa ninacho mimi." Akanyooka, akamtazama sheikh kama mtu aliyeshinda kesi. "Basi ni mti tu. Pilau iko wapi?"