Mama Yake Atakaa Kiti cha Mbele

Admin, jina langu lifiche kabisa, kwa sababu huyu ninayemtaja hayuko kwa hii page lakini majirani wetu wamo. Ni msichana wa miaka 26, niko hapa Machakos mjini, nafanya kazi kwa duka la fotokopi. Sina mume, sina mtoto. Kile niko nacho ni mashairi na riwaya za upelelezi. Nazinunua kuukuu kwa mzee fulani anayezitandaza juu ya gunia karibu na stendi. Nyingi zimeng'oka kurasa za mwisho, kwa hivyo nimezoea kumtafuta muuaji mwenyewe. Kumbukeni hiyo.

Mimi na rafiki yangu, tumwite Mutheu, tumeshindana kwa slam miaka mitatu. Kwa wasiojua, slam ni mashindano ya mashairi: unapanda jukwaani bila karatasi, unapewa dakika tatu, na majaji wanachaguliwa papo hapo kati ya watu waliokuja kutazama. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, tunapika sufuria moja. Mama yangu alipoaga, Mutheu alikuwa mbali chuoni na hakuja mazishi. Mama yake ndiye alikuja. Huyo mama anauza matunda pale Kyumbi, na tangu siku hiyo namwita mwaitu, yaani mama yangu, naye ananiita mwana wakwa, mwanangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nakula kwake.

Shairi la mama niliandika mwaka mzima. Sikuwahi kumsomea mtu yeyote. Lilikuwa kwa daftari, chini ya godoro. Juzi juzi nikaenda nyumbani siku nne kupalilia mahindi, kumbe huku nyuma Mutheu ameenda slam Athi River na ameshinda. Redio moja ikamwalika. Niko kwa mashine yangu ya fotokopi nasikia sauti yake ikisema maneno yangu, mstari kwa mstari. Wateja wawili walikuwa wanalia mbele yangu. Mtangazaji akampa pole kwa kufiwa na mama. Akajibu eti asante, amezoea. Wueh. Mama yake yuko hai, saa hiyo alikuwa anamenya nanasi Kyumbi.

Nilimuuliza. Hata hakukana.

"Wewe ulikuwa umelificha chini ya godoro," akaniambia. "Mimi nimewapatia watu."

Akaongeza kwamba nikisema ni langu hakuna atakayeamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia kwa mdomo wangu. Na ni kweli. Nilikusanya vitu vyangu nikahama siku hiyo hiyo.

Ndio nikaanza kufikiria vile vitabu vyangu vimenifundisha. Shahidi ni nani? Sasa sikieni. Ndani ya hilo shairi kuna leso ya kijani iliyoungua kona moja kwa pasi, ambayo mama alifunikwa nayo. Mutheu anadhani ni urembo wa ushairi tu. Hajui ni mama yake mwenyewe aliyeifungua hiyo leso kiunoni mwake akamfunika mama yangu kabla sanduku kufungwa. Hajui ni huyo huyo mama yake aliyeiunguza. Mjinga ameiba shairi likiwa na kitambulisho changu mfukoni.

Fainali ni Jumamosi hii, hapa mjini, kwa ukumbi wa kanisa, na Mutheu ametangaza kwamba atasoma hilo hilo. Mama yake hajawahi kufika slam, ameambiwa ni mambo ya vijana. Mimi nimempelekea mwaliko, kiti cha mbele, katikati. Nikamwambia asimwambie Mutheu, tumshangaze. Anakuja na akina mama sita wa kanisa lao.

Nataka Mutheu ainue macho amuone mama yake pale, na dakika zake tatu zimeshaanza kuhesabiwa. Kwetu hapa humziki mzazi aliye hai kwa mdomo wako, hiyo ni kumtakia kifo. Nataka kila mtu aone uso wake. Wiki mbili nimekuwa nikitabasamu peke yangu. Wale wa "msamehe tu dada", piteni, hii si yenu.

Shida ilianza Jumapili iliyopita. Nilienda kula kama kawaida. Mwaitu ana presha, dawa zake ziko hapo kwa dirisha, na daktari alimwambia asishtuliwe. Alikuwa na furaha sijawahi kuona. Ameambia soko lote kwamba anaenda kusikia msichana wake. Akaniuliza avae nini. Kabla sijajibu akacheka kidogo.

"Ningevaa ile leso yangu ya kijani, mwana wakwa, lakini hiyo nilimpa mama yako. Na sijutii."

Nilisukuma sahani kando. Nilisema tumbo linaniuma nikaondoka.

Nikimzuia asije, Mutheu atabeba ushindi, na atabeba mama yangu pia. Akija, wa kwanza kuumia ni yule aliyemfunika mama yangu nikiwa siwezi hata kusimama. Na sitawadanganya, hasira haijaisha, bado nataka hiyo siku. Jumamosi ni keshokutwa. Leo asubuhi mwaitu amenitumia meseji akiuliza wataingilia mlango gani, na mpaka sasa sijamjibu. Nishaurini jamani, nimwelekeze mlango ama nimwambie abaki nyumbani?