Rejeta Iliyonivua Nguo Mbele ya Wakwe

Nilioa Kintinku, kwa Wagogo, wakati Mwingereza bado yupo na sisi bado tunamlipa kodi ya kichwa. Mimi ni Mnyiramba wa Iguguno, na kazi yangu ilikuwa udereva. Siku zile dereva alikuwa mtu. Ukishuka kwenye lori na kofia yako, watoto wanakuzunguka, na wazee wanauliza umetoka wapi kana kwamba umetoka ng'ambo. Nadhani ndiyo sababu walinikubali upesi kule Kintinku, ingawa nilikuwa mgeni na lugha yao niliijua ya kuombea maji tu.

Lori lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa Singida mjini, la dizeli, kuukuu, alilinunua mnadani likiwa limeshachoshwa na kazi ya kubeba kokoto za barabara. Kabla ya harusi lilikuwa limeanza kunywa maji. Asubuhi najaza rejeta mpaka shingoni, jioni nakuta yamepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Nilimwambia tajiri. Akasema, "Linavuja wapi? Nionyeshe." Tukainama wote wawili, tukachungulia, kukavu kabisa. Akanipa lori nikachukue bibi harusi, akanipa na debe la maji.

Sherehe ya Kintinku ikaisha salama. Asubuhi yake tukapakia watu wa kumsindikiza mke wangu mpaka kwetu. Alikuwepo mjomba wake, mzee mrefu aliyekataa kuiacha baiskeli yake nyuma, ikapandishwa na kufungwa kamba kama ng'ombe. Alikuwepo shangazi yake, mwanamke wa maneno mengi, amepakata kibuyu cha asali. Na alikuwepo mama mkwe wangu. Si kawaida mama kumsindikiza binti yake, lakini alisema anataka kuona kwa macho yake mahali mwanawe atakapozikwa. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Lazima nieleze kidogo. Mimi na mama mkwe hatukuwa tumetazamana usoni hata mara moja. Ndivyo heshima ilivyokuwa, kwao na kwetu. Akija njiani, napisha. Akiwa na neno nami, anampa shangazi, shangazi analeta. Kwa hiyo alipanda nyuma, akakaa pembeni kabisa, na mimi nikapanda mbele bila kugeuza shingo.

Tulipoanza kupanda mlima wa kuelekea Manyoni, injini ikabadilika sauti. Mshale wa joto ulikuwa umekufa zamani, lakini dereva anasikia. Ikawa nzito, kisha harufu ya chuma kilichoungua ikaingia kibandani, kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Gari limechemsha. Nikaegesha, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua boneti.

Nilibonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ulikuwa mgumu kama mfupa. Maana yake presha bado imejaa mle ndani, na kifuniko hakiguswi. Nikasema, "Tusubiri lipoe."

Jua lilikuwa kali, na hakuna kivuli cha kutosha watu wale wote. Debe langu la maji lilikuwa limekwisha tulikotoka. Mjomba akashuka, akazunguka lori, akauliza, "Mkwe, linataka nini?"

"Maji tu, mjomba. Likipoa."

Sikujua kwamba neno hilo limesikika nyuma. Nilipogeuka, wanawake walikuwa wameshashuka na vibuyu na sufuria za harusi, wanateremka kwenye korongo la mchanga chini ya barabara. Mbele yao alikuwa mama mkwe wangu. Walipiga magoti wakachimba mchanga kwa mikono, kama wanavyochimba kiangazi, wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata. Halafu wakapanda nayo kichwani.

Mama mkwe kumtekea maji mkwe wake! Tena si ya kunywa, ya gari. Nilisimama pale na kofia yangu ya udereva nikatamani ardhi ipasuke. Walipovitua vyombo karibu na gurudumu, shangazi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, mpe mnyama wako anywe."

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusubiri. Nilibonyeza tena ule mpira, nikajidanganya kwamba umelegea. Nikakunja gunia, nikafunika kifuniko, nikakizungusha nusu tu, ili mvuke utoke kwanza polepole. Lakini meno ya kifuniko yalikuwa yamelika. Hakikushika kwenye nusu. Kiliruka pamoja na gunia, na maji yanayochemka yakanimwagikia kifuani, tumboni, mpaka mapajani.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka nilichofanya. Nilirarua shati, nikavua suruali, nikaitupa, nikaruka ruka barabarani kama nilivyozaliwa, mbele ya mjomba, mbele ya shangazi, mbele ya mke wangu wa siku mbili na mama yake.

Nikasikia miguu, na shangazi akanitupia nguo mabegani. Ilikuwa kaniki, ina harufu ya samli na moshi. Nikajifunga haraka. Akaninong'oneza, "Mama yako amejivua ile ya juu. Anasema usimrudishie."

Alinikalisha upande wa pili wa lori, akafungua kibuyu chake, akanipaka asali kifuani na tumboni. Iliuma, halafu ikapoza. Haukupita muda nyuki wakaja. Nikawa nimekaa chini kando ya lori la tajiri, nimevaa kaniki ya mama mkwe, napunga nyuki. Mke wangu alikuja, akachuchumaa, akataka kusema kitu, akaondoka. Afadhali angecheka.

Lakini kazi ya kulitengeneza gari ilikuwa yangu. Hapakuwa na mwingine. Lilipopoa kweli nikainuka, nikaanza kutafuta maji yale yanakwenda wapi.

Kwanza nilichomoa kijiti cha oili. Hofu yangu ilikuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, maana ikiungua maji huingia kwenye oili, ikawa kama maziwa. Oili ilikuwa nyeusi, safi. Nikajaza rejeta taratibu, nikawasha injini, nikachungulia shingoni mwa rejeta. Gesi ya silinda ikipenya kwenye maji huleta mapovu. Sikuona mapovu. Nikazima. Kwa hiyo hedi ni nzima, na maji yanatoka nje, ila yanatoka pale tu presha inapopanda. Injini ikipoa, presha imeshuka, tundu halitoi kitu. Ikiwa ya moto, kinachotoka kinakauka juu ya chuma kabla ya kufika chini. Ndiyo maana mimi na tajiri tuliona pakavu.

Nilihitaji presha bila moto. Nikamwendea mjomba nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Tuliamkiana asubuhi."

"Naomba pampu ya baiskeli."

Alinitazama kuanzia kaniki mpaka miguuni, kisha akaenda kuifungua mwenyewe. Nilikuwa na mpira wa ndani wa gurudumu uliochakaa. Nikakata kipande chenye kile kichuma cha kupigia upepo, nikakifunga juu ya shingo ya rejeta kwa ukanda wa mpira, nikakaza sana. Bomba dogo la kumwagia maji yaliyozidi nikaliziba kwa kijiti. Nikaanza kupampu, lakini kila nikinyoosha mkono ngozi ya kifua ilivutika nikashindwa. Mjomba akaninyang'anya pampu. Mzee wa heshima, amekuja harusini, akapiga upepo rejeta ya lori huku jasho linamtiririka.

Kipande cha mpira kikavimba kama koo la chura. Tukangoja. Kikaanza kunywea.

"Kinashuka," akasema mjomba.

"Piga tena."

Nikaingiza kichwa kwenye injini, nikasikiliza. Nyuma ya pampu ya dizeli kulikuwa na mlio mdogo, kama mtu anayevuta mate. Nikapitisha kidole. Kikaloa. Ubavuni mwa injini huwa na vizibo vya bati, mviringo kama kifuniko cha kopo, na kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu. Katikati yake maji yalitoka membamba kama uzi.

Mjomba akanikatia kijiti cha mti mgumu, nikakichonga ncha, nikakiviringishia kitambaa nilichochana kwenye shati langu lililoharibika, nikakigongomea kwenye tundu. Mti ukilowa huvimba, hujibana wenyewe. Tukapiga upepo tena. Mpira ukavimba, ukabaki umevimba. Kifuniko nilikirudisha bila kukikaza, presha isipande. Gari lisilo na presha huchemka mapema, kwa hiyo niliendesha polepole, nikisimama kila penye mwinuko. Tulilala Manyoni, na kesho yake tukafika Iguguno lori likiwa na maji yake.

Watu wa kwetu walikuwa wamejipanga kutupokea na vigelegele. Nikashuka nimevaa kaniki, maana mapaja yalikuwa bado hayavumilii suruali. Vigelegele vikakatika katikati. Baba yangu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Umevaa nini?"

Nikamweleza. Akasema, "Na mama mkwe wako aliona?"

"Aliona, baba."

Siku hiyohiyo akatoa mbuzi jike mweupe, akampeleka kwa mama mkwe kwa mkono wa shangazi, kufuta aibu. Mbuzi alipokelewa. Watu wakala, wakacheza, wakarudi kwao. Tajiri alitia kizibo kipya.

Lakini kwangu haikufutika. Mke wangu alipokwenda kuwasalimia wazazi wake alikwenda peke yake, na mimi kila mara nilikuwa na safari ya mizigo. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, shangazi akaja kumwona. Alileta salamu.

"Mama yako anauliza mbona huji. Anasema nikwambie siku ile alifumba macho."

Nilisikia mzigo ukinitoka kifuani. Jioni, shangazi alipokwenda kuoga, nikamwuliza mke wangu aliyekuwa anasaga ulezi, "Kweli mama alifumba macho?"

Aliinamia jiwe lake. Mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka unga ukamrukia usoni. Nikainuka nikaenda kukaa nje, na sikumwuliza tena.