Zeddy anavyopima maziwa ya Keringet kwa mwanga

Ukungu bado umelalia mashamba ya Keringet wakati Zeddy Jepleting anapomimina maziwa kidogo kwenye kichupa cha glasi, anakifuta na kukitia ndani ya mashine. Nje, wafugaji wanangoja na mikebe yao.

“Maziwa si maji, huwezi kuona upande wa pili,” anasema Zeddy, 31, mpimaji katika chama cha ushirika cha wafugaji. “Mwanga ukiingia, mwingine unatawanywa na chembe za mafuta, mwingine unafyonzwa. Napima yote mawili.”

Awali chama kilikuwa na kifaa kilichopima tu mwanga unaopenya. Maziwa yakipitisha mwingi, mfugaji alihesabiwa kuwa ametia maji.

Ndivyo yalivyomkuta Chepkorir, mjane ambaye majirani humwita Mama Kiptum. Kiangazi cha mwaka jana maziwa yake yalirudishwa mara kadhaa, na ng’ombe wake mmoja ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba nzima. Hata kanisani watu wakaanza kunong’ona.

“Niliitwa mwizi,” anakumbuka. “Nikawaambia wakuje wanikamulie wenyewe.”

Aliyekwenda ni Zeddy peke yake. Alisimama zizini ng’ombe akikamuliwa, akachukua sampuli na kuipima kwa mashine mpya, ambayo wakati huo ilikuwa ikijaribiwa. Mwanga uliotawanyika ulikuwa mdogo, ishara kwamba mafuta yamepungua. Lakini ule uliofyonzwa ulionyesha protini na sukari ziko sawa. Yangetiwa maji, vyote vingepungua pamoja.

Shida ilikuwa kwenye hori. Nyasi zilikuwa zimeisha, na Mama Kiptum alikuwa akimlisha ng’ombe unga wa mahindi karibu mtupu, na bila nyasi mafuta ya maziwa hupungua. Zeddy alimtafutia nyasi kavu kwa jirani, na baada ya wiki chache mafuta yakapanda.

Mwenyekiti wa chama, Kipchirchir, alimwomba mjane huyo msamaha mbele ya wanachama wote. Mama Kiptum anasema alilia, kisha akaenda kukamua.

Sasa Zeddy anajifunza kutumia mashine ndogo ya betri, inayoweza kubebwa kwa pikipiki. Anatamani mfugaji apimiwe nyumbani kwake, matokeo akiyaona kwa macho yake, kabla ya mtu yeyote kumshuku.

Mwezi ujao anakwenda Kabazi kuwafunza wapimaji wa huko. Mama Kiptum ameomba waende pamoja.

“Pengine huko pia kuna mama ameitwa mwizi,” anasema. “Nataka anione.”