Blanketi la Kompyuta

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikaanza na baiskeli moja ya kubebea vitunguu saumu, na leo nina malori matatu yanayoshuka kutoka huku Mbulu mpaka Hanang. Wenye digrii zao huniomba lifti.

Basi binti yangu alipomaliza chuo cha kompyuta, akasema atanitengenezea programu ili wakulima waagize nafasi kwenye malori kwa simu, sikushtuka. Wakati huo maagizo nilikuwa nayaandika kwenye daftari. Nikamuuliza tu anaanzia wapi.

"Nina kiunzi, Baba. Ni kama mtu anayejenga anakuta nguzo na paa vimeshasimama, yeye anakandika kuta. Kimetengenezwa na watu wa nchi nyingi, na yeyote anaruhusiwa kukitumia na kuchungulia ndani yake."

"Bei gani?"

"Bure."

"Mwanangu, mtu akikupa nguzo za bure nenda kazikague, zina mchwa."

Akacheka. Akaeleza kwamba programu ya namna hiyo haikai kwenye mashine moja. Inakaa mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, nakala huku, nakala kule. Nikamwambia huko mawinguni mimi nategemea mvua tu, mali yangu naiona kwa macho. Nikanunua kompyuta, nikaifungia stoo, ufunguo mfukoni. Alinung'unika, lakini programu akaiweka humo kama nilivyotaka.

Wiki tatu mambo yalikwenda. Halafu ikaja baridi ya mwezi wa saba. Huku kwetu juu ndama akizaliwa msimu huo analala ndani na watu. Siku moja kabla ya mnada, ambako wakulima hupeleka mazao yao, nikaiona ile kompyuta imekaa peke yake kwenye sakafu ya saruji, nikaifunika blanketi langu zito. Nikaona nimeitendea wema.

Asubuhi ya mnada ilikuwa imekufa kwa joto, na maagizo yote yalikuwa ndani yake. Madereva hawakujua nani anasubiri wapi. Nilipofika Gehandu kwa pikipiki jua lilikuwa utosini, nikamkuta mama mmoja, mteja wangu tangu enzi za lori la kwanza, amekaa juu ya magunia yake ya mbaazi kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, tajiri. Lori lako lilikwenda kuposa?"

"Mashine imeharibika, mama."

"Mbuzi za watu zimekula gunia zima hapa, mashine yako haikuziona? Daftari lako halikuwa linakufa." Akanionyesha gunia tupu. "Mnada ujao lori lisipokuja, mimi na Gehandu yote tunapakia kwa mwingine."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Nyumbani nikamkuta binti yangu ameshika lile blanketi. Hakucheka.

"Baba, ng'ombe wako wako wapi?"

"Si unajua. Wengine kwa rafiki yangu kule Getanuwas, wengine Mogitu, hapa nina wanne."

"Kwa nini usiwaweke zizi moja, uwaone kwa macho?"

"Ugonjwa ukiingia si utawamaliza wote..."

Nikampa ufunguo wa stoo.

Akaihamishia programu huko mbali, nakala tatu. Kuna kitu ndani ya kiunzi kikagoma. Akawaandikia watengenezaji, na mtu asiyemjua kabisa akajibu siku hiyohiyo, na dawa yake. Hapo, niseme ukweli, nilishangaa. Rafiki yangu wa Getanuwas anachunga ng'ombe wangu, lakini maziwa anakunywa yeye. Huyu anakunywa nini?

"Ukiwa na cha kuongeza unakirudisha, wengine wakikute," akasema binti yangu.

Nikataka tumtumie mbuzi. Akasema afadhali tuwaandikie maelezo ya kiunzi chao kwa Kiswahili. Wiki mbili alikuwa ananisomea, na kila nilipopotea anaandika upya. Kazi hiyo ya kupotea hakuna profesa angeiweza kama mimi.

Siku ya mnada, maagizo yakiwa yanaingia, akazima nakala moja makusudi kwa simu yake, mbele yangu. Nilitaka kumnyang'anya ile simu. Maagizo yakaendelea kuingia kana kwamba hakuna aliyekufa. Saa moja asubuhi lori lilikuwa Gehandu, na yule mama akanipigia.

"Leo limeoa, tajiri. Limetulia."

Gunia lake lililoliwa nikamlipa palepale kwa simu.

Blanketi sikulihesabu, bado najifunika hilohilo. Kiunzi chenyewe sijakilipia hata senti. Lakini ukijumlisha kompyuta iliyokufa, gunia la mbaazi na kodi ya mwezi wa kwanza huko mawinguni, ubishi wangu na dawa yake vilinigharimu shilingi milioni moja, laki tisa na elfu arobaini na tano.