Shada la Elia

Jumamosi, 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, baridi, mlima hauonekani.

Nilishaamua kuacha kikundi chetu cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Mimi fundi cherehani wa Kaloleni, nimeishia darasa la saba, sijui hata kama nafaa. Leo nimetoka kwa ajili ya Elia tu, aliyeniomba: "Dada, nisindikize Nkoaranga nikamzike Godi wangu." Waliishi chumba kimoja miaka sita. Godi alipougua, Elia ndiye aliyemlisha na kumwogesha.

Saa nne tulishuka kwenye daladala barabarani tukapandisha kwa miguu, tope tupu, Elia kalificha shada ndani ya koti.

Msibani mama wa Godi alitupokea vizuri, lazima niseme hivyo.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, wanangu. Poleni na tope. Kanyweni chai."

Orodha ya wanaoweka mashada alikuwa nayo baba mkubwa wa Godi. Nikamwomba amwite na Elia. Nilitaka kusema mwenzi wake. Nikaogopa, nikasema rafiki.
"Marafiki wako wengi, binti yangu. Nitaona."

Saa nane, kaburini. Wakaitwa wazazi, ndugu, wajomba, kwaya, mpaka mnunuzi wa maziwa ya baba yake, ambaye Godi alikuwa hamjui! Kisha mzee akakunja karatasi.
"Mzee, kuna mtu hujamwita!" Sauti yangu ilinishtua mwenyewe.
"Nani huyo?"
"Elia. Aliyemuuguza. Mwenzi wake."
Mtu nyuma akadakia: "Mambo ya mjini yaacheni hukohuko mjini!" Wengine wakacheka. Mchungaji hakucheka, ila alifunua kitabu chake tu. Mama wa Godi naye aliinamisha kichwa. Simlaumu sana, ndugu hao anaishi nao kila siku.

Elia akapita, akaweka shada lake. Mzee akaliokota, akalitupa kwenye mibuni. Nikalifuata, nikalirudisha, nikasimama pale pale mpaka watu wakaenda kula.

Saa kumi na mbili, Kaloleni. Labda nimevuruga msiba wa watu. Mama nitamwomba radhi. Lakini mnunuzi wa maziwa awe na nafasi kaburini, Elia asiwe nayo? Hapana! Na nilipoogopa nikasema rafiki, nilimsaidia yule mzee kumfuta. Nimemwandikia katibu wa kikundi: siachi, na misiba kama hii nitumwe mimi.

Elia hakutaka kurudi chumbani kwao leo, yuko kwetu. Tumekula ugali na mboga ya mnafu. Yeye amekula matonge mawili.