Magurudumu ya Mbele

Gari letu la kwanza la four-wheel, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, tulilinunua miaka ya tisini, tukiishi Kitengela. Mimi nilikuwa nauza dawa za mifugo, mke wangu akifundisha shule ya msingi. Lilikuwa la zamani, halina mambo ya kubonyeza. Kabla ya kuingia matope ulishuka, ukainama kwenye magurudumu ya mbele, ukazungusha kwa mkono kile kidude cha katikati ambacho mafundi wanakiita hub, kutoka FREE hadi LOCK, kushoto na kulia. Ndipo ukarudi ndani ukavuta gia ya four-wheel. Ukivuta gia bila kufunga hub, taa ya kijani inawaka vizuri kabisa, lakini magurudumu ya mbele hayavuti kitu. Gari linakudanganya mchana kweupe.

Mke wangu nilimfundisha kuendesha mwenyewe. Alijua kushuka mteremko kwa gia ndogo, bila kukanyaga breki ovyo. Alijua kushuka na fimbo kupima maji kabla ya kuvuka. Hub sikumfundisha. Nilimwambia, "Kuinama matopeni ni kazi yangu. Wewe vuta gia tu." Nilijiona bwana wa maana sana.

Kila mwezi alienda kumchukua mama yake huko ndani, mbali na barabara ya Namanga, akampeleka kliniki ya presha Kajiado mjini. Wawili peke yao, wakiongea Kimaasai njia nzima. Alirudi jioni na maziwa ya kibuyu na hadithi za kunimalizia usingizi. Aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi.

Jumapili moja tulienda harusi Nairobi. Ilikuwa lami tupu, kwa hivyo nikafungua hub, na ndivyo inavyotakiwa. Tuliporudi kulikuwa na manyunyu na mimi nimevaa viatu vya harusi. Nikasema nitazifunga asubuhi. Asubuhi, siku yake ya kliniki, akaniuliza, "Gari iko sawa?" Nilikuwa na mkate mdomoni. Nikamjibu, "Iko sawa, enda tu."

Saa saba hivi dereva wa lori la mchanga akaingia dukani kwangu na ujumbe: mke wako amekwama, na yuko na mama mgonjwa. Nikapanda lori lake hadi njia panda, nikatembea kilichobaki. Niliwakuta kwenye ule udongo mweusi, magurudumu ya nyuma yamezama hadi ekseli. Mama mkwe alikuwa ndani amejifunika shuka. Wanaume wanne wa boma la karibu walikuwa wamechoka kusukuma. Mke wangu alikuwa na matope hadi kwenye nywele.

"Nilivuta gia," akaniambia. "Taa iliwaka. Haki ya Mungu, iliwaka."

Nikatazama gurudumu. FREE. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na sikulisema. Niliinama nikijifanya napangusa matope, nikazungusha hub, nikaenda upande wa pili nikazungusha ile nyingine. Nikapunguza upepo wa tairi, nikaomba mawe yawekwe chini yake, nikaingia, nikavuta gia ileile. Gari likatoka polepole. Wanaume wakacheka, na mmoja akasema, "Mama, hii gari inataka mwanaume." Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao.

"Labda hukuvuta mpaka mwisho," nikamwambia.

Akaitazama mikono yake. Kisha akaingia nyuma, akaketi kando ya mama yake. Kliniki tulikuta imefungwa.

Nilisema nitamwambia usiku huo. Halafu wiki hiyo. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza. Mara mbili nilimbembeleza aendeshe tena. Alikataa. "Nitaua mtu siku moja," alisema. Basi kumwona mama yake kukategemea nafasi yangu, na mimi nilikuwa mtu wa shughuli. Kila mwezi kukawa kila miezi mitatu.

Miaka ikaenda, simu za mkononi zikaingia. Asubuhi moja shemeji yangu alimpigia dada yake kuhusu mama yao: Yeyo amezidiwa, anakuita. Mimi nilikuwa nimepeleka dawa na pikapu ya rafiki huko chini ya Kona Baridi, ambako simu haishiki. Magari ya abiria ya kwao yalienda siku ya soko tu, na siku hiyo haikuwa ya soko. Gari letu lilikuwa uani, tanki imejaa, jua linawaka, njia kavu hadi mlangoni kwa mama yake. Hata mtoto angeliendesha. Jirani aliniambia baadaye kwamba alimwona ameketi kwenye usukani, mlango wazi, muda mrefu sana. Kisha akashuka, akaketi kwenye ngazi kunisubiri.

Nilifika saa kumi. Niliendesha vizuri, sikukimbia, sikukosea popote. Tulipofika bomani wanawake walikuwa wameketi nje, kimya, na hatukuhitaji kuambiwa. Yeyo alikuwa amefariki saa nane.

Mke wangu hakulia hapo. Kabla hajashuka alinishika mkono, akanibana vidole.

"Asante," akasema. "Bila wewe ningefika aje?"

Nikamwambia twende ndani.